Utazoea, Fundi

Tangu aanze kukalia cherehani, Fundi Pindo alikuwa na neno moja la kumtuliza mteja. Suruali ikimbana mtu mapajani, "Utazoea." Kola ikimkaba bwana harusi mpaka macho yanamtoka, "Utazoea, bwana, nguo mpya lazima ikujue kwanza." Mama mmoja alimlalamikia kwamba mkono wa blauzi yake haupandi juu ya bega, naye akamuuliza, bila haya hata kidogo, anataka kuupandisha ampungie nani. Kwa hiyo siku aliyokaa kwenye kiti cha fundi meno, mdomo umejaa meno mapya ya bandia juu na chini, akajaribu kusema yanambana na badala ya maneno ukatoka mluzi wa birika, na yule fundi meno akamwambia huku anafuta mikono, "Utazoea, mzee wangu," mimi nasema alistahili.

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Jina la Pindo alipewa na wateja kwa sababu pindo zake zilikuwa hazionekani. Ungeweza kuigeuza suruali ndani nje usione sindano ilipopita. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya duka la vitasa na saluni ya kunyolea. Ndani kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, kioo nyuma ya pazia kwa ajili ya wanaojaribisha nguo, na viti viwili. Kiti cha pili kilikuwa cha mkewe. Hapo ndipo mama watoto alipokaa akichambua vifungo kwenye kopo lake na kuvishona kwa mkono, uso kwa uso na mumewe, mpaka macho yake yalipoanza kugombana na tundu la sindano akaamua kubaki nyumbani. Kiti hakikuondolewa. Mteja akitaka kukikalia, Fundi Pindo alikuwa anamwambia kina mwenyewe.

Mkasi alikuwa nao, mkali kama wembe, lakini mkasi kwake ulikuwa wa kitambaa. Uzi aliukata kwa meno. Kidevu kilitangulia mbele, taya likapinda kushoto, jicho moja likafumba, kap! Watu waliomwonya kwamba ataumaliza mdomo aliwajibu kwamba mdomo ni wake. Meno ya upande ule ndiyo yaliyoanza kulegea, ya upande wa pili yakafuata kwa wivu, na mwisho wa yote daktari akamwambia hakuna la kuokoa, tung'oe yaliyobaki tukutengenezee mapya.

Kung'olewa hakukumtisha. Kilichomtisha ni mkewe.

Siku moja, zamani kidogo, walikuwa wamekaa kwenye foleni ya zahanati akapita mzee mmoja kibogoyo, mdomo umeingia ndani wote, na mama watoto akamnong'oneza mumewe sikioni, "Mtazame yule, mdomo kama mfuko wa kuvuta kamba." Wakacheka mpaka muuguzi akawakaripia. Mama watoto alisahau palepale. Fundi Pindo hakusahau. Jino lake la mwisho lilipotoka akala kiapo: mkewe hatamwona hivi, ng'o. Wiki zote za kusubiri vidonda vipone alivaa barakoa aliyoishona mwenyewe, tena si moja, alishona ya kila shati, na uji wake alikunywa amegeukia ukuta akisema ni amri ya daktari. Usiku alizima taa ndipo anavua. Mama watoto aliona vituko hivyo akanyamaza, kwa kuwa mgonjwa hasumbuliwi.

Sasa meno yalikuwa yamefika, na kwa kuyatazama tu yalikuwa mazuri. Fundi Pindo alijitazama kwenye kioo cha saluni ya jirani akajiona amepata mdomo wa kijana aliyetoka kuahidiwa kazi. Akaitupa barakoa, akaenda nyumbani anatabasamu njia nzima, akisalimia hata watu asiowajua.

Unahitaji kujua jambo moja kuhusu nyumba hiyo. Watoto walikuwa wakubwa, wametawanyika kila mmoja na maisha yake, na kilichobaki baina ya wale wawili ni meza ya jioni. Hapo mama watoto alimwaga habari za siku nzima, nani kagombana na nani, nani kaazima sufuria hakurudisha, na Fundi Pindo alicheka. Kicheko chake kilikuwa maarufu. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikafika kooni kikakwama kidogo, halafu kikatoka kwa kishindo mpaka kuku wa jirani wakashtuka. Mama watoto hakuwahi kusema, lakini siku nzima alikuwa anakusanya visa kwa ajili ya kicheko hicho tu.

Jioni ile alikuwa amepika nyama. Alitaka kusherehekea.

Fundi Pindo akatia pande la nyama mdomoni, akauma. Meno ya chini yakaenda kushoto. Meno ya juu yakabaki kidogo yanashangaa, kisha yakashuka yenyewe bila kuitwa. Nyama ikakaa katikati, salama salimini, hakuna aliyeigusa. Akauma tena. Kitu kikasema ka-ka-ka kama mtu anayepanda ngazi na viatu vya mbao.

"Ni nini hicho?" mkewe akauliza.

"Kijiko," akajibu, ingawa kilichotoka kilikuwa "kishisho."

Akajikaza kisabuni, akalimeza pande lile zimazima. Lilishuka polepole, akahisi kila kituo lilichosimama, machozi yakamlengalenga. Mama watoto, ambaye alikuwa ameshaanza kisa kitamu cha jirani aliyejifungia nje na taulo, akasubiri kicheko. Fundi Pindo alijua akicheka seti nzima itatua kwenye bakuli la mchuzi. Akafumba mdomo, akatikisa kichwa kwa heshima kama yuko msibani.

"Nimeshiba," akasema.

Alirudi kwa fundi meno kesho yake. Fundi meno alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi, anayefanya kazi katika chumba kilichojaa midomo ya plasta iliyopangwa rafuni na visanduku vya meno yaliyotengwa kwa rangi na ukubwa kama vifungo. Fundi Pindo alipenda chumba kile. Hakumpenda mwenyewe.

"Yanacheza," alimwambia.

"Mwanzo hucheza, mzee wangu. Mdomo unahitaji kuyajua. Utazoea."

Fundi Pindo akainuka akaondoka. Lilikuwa neno lake mwenyewe.

Ajabu ni kwamba akiwa kazini meno yalikaa. Alikuwa na gauni la mteja la kupunguza kiuno, akavuta uzi, akaupeleka mdomoni kwa mazoea, kap! Ukakatika safi. Meno hayakutikisika. Mwenye gauni akaingia kulifuata, na Fundi Pindo, akiwa bado na kipande cha uzi kati ya meno, akamweleza habari za bitana na zipu kwa ufasaha wa mtangazaji wa redio. Akaruka kwa furaha. Kumbe nimeshazoea! Akafunga duka mapema, akanunua hata karanga, akaenda nyumbani akakaa mezani kifua mbele. Karanga ya kwanza ikaingia chini ya meno ya juu ikakaa huko kama kokoto kwenye kiatu. Akainuka kwenda kunawa mikono ambayo alikuwa ameshainawa.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Dukani mbabe, nyumbani ka-ka-ka. Alianza kuamini kwamba meno yale yana kitu dhidi ya nyumba yake. Njaa ikazidi, suruali zikaanza kumshuka akazipunguza mwenyewe, na mwishowe akapata dawa: mama muuza uji wa kona ya barabara akawa anamletea chupa moja mchana na nyingine jioni. Fundi Pindo alikuwa anashusha pazia la mlangoni, anavua meno, anakunywa uji wake kwa raha na fizi tupu, anayasuuza, anayarudisha, anakwenda nyumbani na kusema, "Leo nimekula huko huko kazini, mama watoto, usihangaike."

Ni neno gani hilo la kumwambia mke? Mwanamume asiyekula kwake anakula kwa mtu, hiyo hata mtoto mchanga anajua. Mama watoto alianza kwa kubadilisha mapishi. Akaongeza viungo, akapunguza viungo, akapika vile alivyompikia mwanzo wa ndoa. Mumewe aliangalia chakula kwa macho ya mtu anayeagana na ndugu, akasema ameshiba. Hachekeshwi na lolote. Anazungumza kwa mafungu, tena ameinamisha kichwa. Siku moja akifua shati lake akakuta doa la uji kifuani, uji wa ulezi, na yeye ulezi haujaingia nyumbani kwake mwaka huo.

"Mumeo siku hizi anapelekewa chupa," jirani akamwambia ukutani, kwa nia njema, kama majirani wanavyokuwa nayo. "Mchana na jioni. Na pazia linashushwa."

Mama watoto akaingia ndani. Alikwenda chumbani akalivaa gauni lake la kutokea, akasimama mbele ya kabati akitafuta kisingizio, asipokipata akashika kifungo kimoja cha kifuani akakinyofoa.

Fundi Pindo alikuwa katikati ya kikombe aliposikia hatua. Hatua hizo alizijua kuliko sauti yake mwenyewe. Meno yalikuwa juu ya meza yamelazwa kwenye kitambaa, naye hakuwa na muda wa kuyavaa, kwa sababu seti ya chini ilihitaji ushawishi. Akaifagia seti yote kwa kiganja ikaingia kwenye chombo kilichokuwa karibu. Akafumba mdomo. Pazia likafunguka.

"Habari za kazi."

Akatikisa kichwa kwamba ni nzuri.

"Umekula?"

Akatikisa kwamba amekula.

"Kwa nani?"

Hapo kichwa hakikuweza kujibu. Mama watoto akaiona chupa, akakiona kikombe. Akaona mumewe kakaza midomo kama mtoto anayeficha peremende, uso umempauka. Mtu asiye na hatia si angesema neno moja?

"Nakusemesha, Fundi. Mwenye chupa kaondoka, au yuko huko kwenye kioo?"

Akalivuta pazia la kioo kwa nguvu. Nyuma yake alikuwapo mwanamke, kweli, amekasirika, macho mekundu, gauni limefunguka kifuani pasipo na kifungo. Alichukua muda kumtambua. Akalirudisha pazia taratibu.

"Mimi nimekuja kama mteja," alisema. "Kifungo changu kimekatika. Nipe kifungo niende zangu."

Akanyoosha mkono kwenye kopo la vifungo. Fundi Pindo aliruka kutoka kwenye kiti, lakini tumbo la uji si la kurukia. Mkono wa mama watoto ulikuwa umeshazama. Alichambua kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya enzi zake, maana macho yake yalikuwa yamehamia vidoleni. Vidole vikasita. Vikapapasa. Akavitoa nje, akainua kitu kwenye mwanga, meno kumi na manne yanang'aa yamepangana, na kifungo kidogo cha shati kimenasa kati ya mawili ya mbele.

Akakitazama mbele na nyuma.

"Fundi," akauliza polepole, "hivi ni vya koti gani?"

Fundi Pindo akakaa chini. Alikuwa amechoka, na kuchoka kwenyewe kulikuwa kwa siku nyingi. Akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kumtingishika.

"Ni yangu," akasema ndani ya viganja. "Usinitazame."

"Kwa nini nisikutazame?"

"Ulisema mfuko wa kuvuta kamba."

"Nani?"

"Wewe. Zahanati. Yule mzee."

Mama watoto ilibidi atafute mbali sana kichwani mwake, na alipokipata kile kisa akashika mdomo naye. Akavuta kile kiti cha pili, kiti chake, akakaa uso kwa uso na mumewe kama zamani. Akaishika mikono yake akaishusha, kwanza mmoja, kisha wa pili. Akautazama ule mdomo bila haraka.

"Ni kweli," akasema. "Mfuko wa kuvuta kamba."

Fundi Pindo akafumba macho.

"Ule ulionishonea tulipohamia hapa, unaukumbuka? Wa kitambaa cha buluu. Mpaka leo vitu vyangu vyote vya maana vimo humo." Akamfuta uji kidevuni kwa kidole gumba. "Mimi nilidhani umenichoka. Nimelala na kuamka na jambo hilo, Fundi, mwenzangu anakula kwa mtu. Kumbe unakula na kopo."

Alilia kidogo, yeye sasa, na mumewe akamtafutia kitambaa, akampa kilichokuwa mezani, ambacho kilikuwa kipande cha mteja. Walipotulia mama watoto akajipangusa, akauliza kama mtu anayekagua mshono.

"Sasa haya meno yana nini?"

"Hapa yanakaa. Nikija kwako yanakataa."

"Yaani hata meno yamenikataa?"

"Si hivyo, mama watoto…"

"Yavae nione."

Akayavaa. Akasema, "Hujambo, mama watoto," yakasema ka-ka. Kisha akavuta uzi, akautia mdomoni aonyeshe, akarudia maneno yaleyale, yakatoka yamenyooka. Mkewe akamwambia afanye tena. Akamwambia autoe uzi. Autie. Akasogeza kiti karibu mpaka magoti yakagusana.

"Taya lako liko wapi, Fundi?"

"Si hili hapa?"

"Hapo halipo. Limekwenda kushoto na mbele. Jicho nalo umelifumba. Hiyo ni sura ya kukata uzi, mimi nimekaa mbele ya sura hiyo maisha yangu yote, siwezi kuikosea. Hayo meno yametengenezewa sura hiyo."

Kesho yake wakaenda pamoja.

Fundi meno aliwapokea vizuri, akamwamkia mama watoto, akawavutia viti. Aliposikia shutuma akakunja uso. "Mama, mimi nilipima mwenyewe, kwa mikono hii."

"Kila fundi husema hivyo," Fundi Pindo akasema kwa huzuni. "Mimi husema hivyo kila siku."

Fundi meno akaona amalize ubishi kwa ushahidi. Akapandisha mkono rafuni akashusha mdomo wa plasta, taya la juu na la chini, akayakutanisha jinsi yalivyokutana siku ile ya vipimo. Kidevu cha plasta kilikuwa kimetangulia mbele. Taya la plasta lilikuwa limepinda kushoto. Lilikosa jicho tu la kufumba.

Mama watoto akapiga makofi. "Huyo hapo! Huyo anakata uzi!"

Fundi meno akaigeuza plasta, akaitazama kwa upande, akaitazama kwa chini. Masikio yakaanza kumwiva. "Lakini nilimwambia aume kama kawaida yake."

"Ndiyo kawaida yake hiyo, mwanangu. Ulimtia nini mdomoni?"

"Nta. Vipande vya nta, ndivyo tunavyopimia."

"Basi aliona uzi."

Ikabidi wapime upya. Fundi meno akapasha nta moto, akaitengeneza ikae juu ya fizi, akaipitisha midomoni mwa mzee. Nta ilipogusa mdomo tu, kidevu kikatangulia.

"Usikate uzi, mzee wangu."

"Shikati!"

"Unakata."

Wakarudia. Kidevu kikatangulia. Fundi meno akamshika taya akalirudisha kwa nguvu za heshima. Alipoliachia likaenda zake kushoto kama droo mbovu. Jasho likawatoka wote wawili. Fundi Pindo akaomba kuitema nta azungumze kidogo.

"Unafanya kosa," akasema. "Mimi kazi hii naijua. Mtu ukimwekea futi kiunoni anavuta tumbo. Ukimwambia achia, ndiyo kwanza anavuta. Hapo gauni limeshaharibika, na ukilaumiwa utasema ulipima sawasawa, kumbe ulipima uongo. Dawa yake ni kumsahaulisha. Mimi huwauliza habari za watoto wao. Akishaanza kujieleza tu, nimeshamfunga futi."

"Basi nikuulize habari za watoto?"

"Sasa si umeshaniambia!"

Mama watoto akasimama. Akavuta kiti chake mbele ya mumewe, akakaa kama anavyokaa mezani jioni. "Mtie nta yako, mwanangu, kisha usibanduke hapo," akamwambia fundi meno. Halafu akakunja mikono.

"Fundi, lile gauni langu la kwanza. La maua ya zambarau."

Uso wa Fundi Pindo ukaingia kivuli. Gauni hilo lilikuwa jeraha. Walikuwa hawajaoana, yeye akiwa na cherehani ya kuazima, huyu akiwa binti aliyeingia tu dukani na kitambaa chake. Alimpima mara tatu, akakata kwa uangalifu wote, na gauni likakataa kufunga kiunoni. Akaliachia mshono. Likarudi. Akaliachia tena. Likarudi mpaka hakukuwa na mshono wa kuachia, akatia kiraka ubavuni, na kwa aibu akalipeleka mwenyewe hadi nyumbani kwao, ndipo yakaanza ya kuanza. Ameshona suti za mabwana harusi, sare za shule nzima, lakini akikosa usingizi ni gauni lile analowaza.

"Nilipima shawashawa," akasema kupitia nta.

"Ulipima sawasawa. Mimi nilivuta tumbo."

Fundi Pindo akamkodolea macho.

"Ulitaka nifanyeje? Kijana mwenyewe nadhifu, futi shingoni, ananizunguka kiuno huku anapumua. Nilivuta mpaka nikaona nyota."

"Na mara ya pili?"

"Nilivuta."

"Ya tatu?"

"Ya tatu," mama watoto akasema, "nilikuwa nimeshazoea."

Kilianzia tumboni. Mama watoto alikiona kinapanda akashika pembe za kiti. Kilifika kooni kikakwama, kama kawaida yake, halafu kikatoka, na midomo yote ya plasta ikatetemeka rafuni. Alicheka miaka yote ya gauni lile, alicheka kiraka cha ubavuni, alicheka mpaka akajipiga magotini kwa viganja. Fundi meno naye alikuwa ameinama kwa kicheko, lakini ni mtu wa kazi, mkono wake haukubanduka. Na kicheko kilipoanza kwisha, kikishuka taratibu kwa pumzi ndefu ndefu, mdomo ukajifunga wenyewe pasipo mtu kuuambia. Haukwenda mbele wala kushoto.

"Hapo hapo!" fundi meno akapiga ukelele. "Usisogee, mzee! Mama, usimwambie kitu kingine!"

Meno ya pili yalipokuwa tayari yalikwaruza kidogo upande mmoja. Fundi meno alifungua mdomo aseme neno lake, akamwangalia Fundi Pindo, akalimeza. "Yakikuumiza rudi," akasema. Alirudi, yakasuguliwa, yakakaa. Nyama ililiwa. Kisa cha jirani wa taulo kilisimuliwa upya tangu mwanzo, na kuku wakashtuka.

Meno ya kwanza hayakutupwa. Yako kwenye kopo la vifungo mpaka leo, kwa sababu kwa kukata uzi hayana mpinzani. Asubuhi Fundi Pindo huvua ya nyumbani akavaa ya kazini, kama mtu anavyovaa koti la kazi. Wateja nao wameona mabadiliko. Mtu akisema hapa pananibana, fundi hasemi tena lile neno. Ulimi unapitapita juu ya meno, kisha anasema, "Vua, tuliachie."

Deni lilikuwa moja tu. Alinunua kitambaa, maua ya zambarau, yanayofanana na yale kadiri duka lilivyoweza. Akamwita mkewe dukani jioni, akashusha pazia, akachukua futi.

"Achia tumbo, mama watoto."

"Nimeachia."

"Achia lote."

"Hilo ndilo lote, Fundi?" Akajitazama kwenye kioo, akacheka kidogo, akavuta tena bila kukusudia. "Na wewe basi. Mimi nikiachia, na wewe toa."

Fundi Pindo akasimama na futi mkononi. Tangu siku ya kopo, ukiacha kwa fundi meno, alikuwa hajamwonyesha tena. Aliangalia pazia kama limefunga vizuri. Kisha akatoa ya juu, akatoa ya chini, akayalaza kwenye kitambaa cha zambarau, na mdomo wake ukaingia ndani wote.

Mama watoto akashusha pumzi. Tumbo likashuka nayo, lote, la watoto wote na la miaka yote. Fundi Pindo akalizungusha futi, akasoma namba, akaitamka kwa sauti kwa fizi zake tupu, na hakuipunguza hata kidogo.